Makaa ya Mishkaki na Makaa ya Moshi

Watu wakishasali Magharibi, majiko ya Forodhani huanza kupepewa, na harufu ya mishkaki na pweza ikaenea mpaka barabarani. Ni biashara ya halali inayolisha nyumba nyingi. Lakini chini ya mishkaki hiyo kuna jambo ambalo wananchi na watendaji wa Serikali hawana budi kulitazama kwa makini, nalo ni makaa.

Zimetolewa hotuba nyingi kuyasifu makaa mbadala, yaani vumbi la makaa lililokandwa kwa uji wa muhogo au gundi nyingine, likashindiliwa na kuanikwa. Wachomaji wengi wameyasikia na kuyakataa, nao wakaitwa wakaidi. Sisi hatuoni kuwa wao ni wakaidi. Mchoma mishkaki anataka moto unaoshika upesi, ukali wa kuiva nyama juu kabla haijakauka ndani, na jiko linaloitika mara tu analipopepea. Makaa ya miti humpa yote hayo, tena kwa majivu machache. Aibu yake ni kwamba hurusha cheche, na gunia moja huwa na mapande makubwa juu na chenga tupu chini, hata mnunuzi asijue alicholipia.

Kukausha samaki kwa moshi ni kazi nyingine kabisa. Hapo moto mkali ni adui: samaki huungua ngozi, na ndani akabaki mbichi, akaoza baada ya siku chache. Panatakiwa joto la chini, la namna moja, kwa saa nyingi, na uchaga uwe juu ya moto kwa nafasi ya kutosha. Makaa mbadala yaliyotengenezwa vyema hufaa hapa kuliko ya miti, kwa kuwa kila donge ni sawa na jenziwe na huwaka taratibu. Moshi wenyewe hautoki katika makaa ya aina yoyote ile yakishaiva. Hutoka katika makumbi ya nazi au vipande vya mti vinavyowekwa juu yake. Kwa hiyo anayesema makaa mbadala huondoa ladha ya moshi hakuutazama uchaga wake sawasawa.

Tumesema yaliyotengenezwa vyema. Sisi wenyewe tuliwahi kununua mfuko mmoja ambao nusu yake ilikuwa udongo. Madonge yalivunjika mkononi, yakatoa harufu ya uji ulioungua, na majivu yakatua juu ya changu wetu. Yapo pia madonge yanayofanywa kwa makaa ya mawe. Hayo yasiwekwe kabisa chini ya samaki au nyama. Mwananchi aliyepatwa na mfuko wa namna hiyo mara moja hatarudi tena, na hotuba kumi hazitamrudisha.

Na ni dharura arudi. Tanuri la kienyeji la udongo hutoa kiasi cha kilo 10 hadi 20 tu za makaa katika kilo 100 za kuni kavu. Zilizobaki hupotea hewani. Mikoko huvutia wachoma makaa kwa kuwa mti wake ni mzito na makaa yake ni makali. Lakini baina ya mizizi ya mikoko ndimo wanamokulia kamba, kaa na samaki wadogo. Tunakiunguza kitalu cha samaki ili tupate kuwachoma samaki! Sheria ya misitu ilipitishwa hapa Zanzibar mwaka 1996, na Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa mwaka 2004, lakini karatasi haiwashi seredani ya mtu.

Malighafi tunayo uani. Makaa ya vifuu si mageni kwetu. Mama zetu wameyatia katika vyetezo vya udi tangu hatujazaliwa. Katika miaka ya 1920 Henry Ford, tajiri wa magari wa Marekani, aliyageuza mabaki ya mbao ya viwanda vyake kuwa makaa ya kushindiliwa na kuyauza. Sisi visiwani tunavitupa vifuu jaani, kisha tunangoja magunia ya makaa yavuke bahari kutoka Bara.

Basi tunawaomba wahusika wasianze na mchoma mishkaki, ambaye hoja yake ni ya kweli. Waanze na wakaushaji samaki, ambao faida ni yao dhahiri. Kila mfuko uandikwe uzito wake na kilichomo ndani, na mkaguzi avunje donge moja mbele ya mnunuzi kabla ya kuuruhusu sokoni. Wote wawili, mchomaji na mkaushaji, wakumbushwe kutoliingiza jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua bila ya harufu, yawe ya miti au mbadala. Na katika dhifa ijayo ya Serikali, tungependa kuona makaa ya vifuu chini ya samaki wa wageni.