Kishikwambi cha sensa kilipoingia ofisi ya walimu

Vishikwambi walivyobeba makarani wa sensa Agosti 2022, wakipita mlango kwa mlango kuuliza nani alilala kwenye kaya, havikuishia stoo. Serikali iliamua viende kwa walimu, na vikagawiwa zaidi ya laki mbili. Kwa mwalimu wa kijijini aliyezoea chaki, andalio la somo la karatasi na simu ya kawaida, kifaa hicho kilikuja na kazi ambayo chuo cha ualimu hakikumfundisha: kuingia kwenye mfumo wa kujifunzia mtandaoni, kusoma moduli, kujibu maswali na kuwasilisha kazi.

Mfumo wenyewe unasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, na ni sehemu ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Wazo lake ni zuri na linastahili kutetewa. Zamani mafunzo kazini yalikuwa barua ya semina. Mwalimu mmoja au wawili waliitwa wilayani, wakakaa siku chache, wakarudi na makabrasha, na waliobaki shuleni wakasimuliwa kwa ufupi wakati wa chai. Mtandaoni, mwalimu wa Kakonko anasoma moduli ileile anayosoma wa Mikocheni, wala hangoji jina lake lipite mezani kwa mtu. Umuhimu wake ulionekana zaidi mitaala mipya ilipoanza kutumika Januari 2024, kwa sababu hakuna ukumbi wa semina unaoweza kubeba walimu wote wa nchi hii.

Mifumo ya namna hii inafaa sana penye shida ya umbali. Moodle, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania vinaitumia, iliasisiwa na Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyekulia katika eneo la jangwa mbali na miji, ambako masomo ya utotoni yalimfikia kwa redio. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Agosti 2002, likatolewa bure. Ndani yake kila somo lina ukurasa wake, na humo mwalimu anakuta maandiko, video, majaribio yanayojisahihisha, sehemu ya kujadiliana na wenzake, na kumbukumbu ya alikofika. Ukiujua mfumo mmoja wa aina hii, mwingine hautakusumbua sana.

Lakini kabla ya kufika kwenye moduli kuna mlango, na hapo ndipo wengi wanakwama. Mfumo unataka barua pepe. Mwalimu anayo, ila ilifunguliwa na kijana wa steshenari siku ya kuomba ajira, na nywila alibaki nayo kijana yule au ilipotea na karatasi. Akibofya kwamba amesahau nywila, ujumbe wa kumsaidia unatumwa kwenye barua pepe hiyohiyo asiyoweza kuifungua. Anajaribu, anakosea herufi kubwa na ndogo, anajaribu tena, mwishowe anafunga kishikwambi na kurudi kusahihisha madaftari. Ukimwona mwalimu wa aina hii usiseme ni mvivu wa teknolojia. Amefundisha watoto 90 katika chumba kimoja na wakajua kusoma. Hawezi kushindwa na ukurasa wa kujisajili akipata mtu wa kukaa naye.

Mtu huyo mara nyingi yupo shuleni hapohapo. MEWAKA imeweka jumuiya za ujifunzaji, ambamo walimu wa shule moja hukutana kujadili changamoto za ufundishaji. Ningependa kila jumuiya itumie vikao vyake vya kwanza kwa jambo moja tu: kila mwalimu afungue barua pepe yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, aandike nywila anayoweza kuikumbuka, na aunganishe namba yake ya simu ili siku akisahau apate njia ya kurudi. Mwalimu kijana aliyetoka chuo juzi aelekeze kwa mdomo, asishike kifaa cha mwenzake. Kidole cha mwenye kishikwambi ndicho kinachopaswa kubofya, hata kikichelewa.

Mengine hujifunzwa kwa kutenda, na yanaokoa muda na hasira. Pakua moduli ukiwa mahali penye mtandao, uisome nyumbani bila kuwasha data. Jibu refu liandike kwanza pembeni, kwenye programu ya kuandikia, kisha ulinakili kwenye mfumo, maana mtandao ukikatika wakati wa kuwasilisha, kazi ya saa nzima inaweza kupotea. Picha ya zana uliyoitengeneza ipunguze ukubwa kabla ya kuipakia. Jaribio ukilikosea, soma maelezo ya jibu sahihi, usikimbilie kulirudia. Faida ya jaribio iko kwenye maelezo hayo.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya nywila. Mwalimu wa leo ana mifumo mingi ya kujaza: taarifa za shule, taarifa za mitihani, na PEPMIS ya kupima utendaji wake. Mfumo wa mafunzo ukifika kwa sauti ileile ya amri, ukiambatana na tarehe ya mwisho na orodha ya shule zilizobaki nyuma, mwalimu ataufanyia kama anavyofanyia fomu. Atampa kijana nywila yake amalizie moduli, cheti kitoke, takwimu zipande. Ofisi itafurahi, na darasa la pili watoto wataendelea kukariri herufi kwa pamoja bila kuzijua. Afisa Elimu Kata anayetaka kujua kama moduli ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu imesomwa aingie darasani akae nyuma dakika arobaini. Ataliona jibu ambalo kumbukumbu za mfumo hazimwonyeshi.

Kisha kuna gharama. Kishikwambi kilitolewa bure, lakini bando halikutolewa bure. Video moja ya mafunzo humaliza kifurushi cha siku, na mwalimu ana ada, kodi ya nyumba na mchango wa msiba vinavyomngoja. Muda nao ni gharama. Mwalimu mwanamke anayetoka shuleni jioni akaanza kuteka maji na kupika hawezi kuambiwa kwamba mafunzo ya kazi atayafanya saa nne usiku, huku mtoto akilia na umeme ukikatika. Mafunzo kazini yanapaswa kufanyika kazini, ndani ya saa za kazi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wakuu na wakurugenzi wa halmashauri. Ratiba ya muhula ujao iwe na kipindi kimoja kila wiki cha jumuiya ya ujifunzaji, kisichoingiliwa na kikao wala ugeni. Shule iwe na intaneti inayolipiwa kama inavyolipiwa chaki, hata kama ni kifaa kimoja cha kusambaza mtandao ofisini. Na yule mwalimu anayekaribia kustaafu, ambaye bado anaogopa kugusa kioo, awe wa kwanza kukaa karibu na mwelekezaji.