Mtini gani utazaa Mururu?

Anayekula tini kavu na kuzikuta zimejaa mbegu ndogo hushawishika kuzipanda. Mbegu hizo humea bila shida. Baada ya miaka michache mti husimama na majani yake mapana, vitunda hutokeza kwenye matawi, hufikia ukubwa wa gololi, kisha hunyauka na kudondoka. Mwaka unaofuata huwa vivyo hivyo. Mwenye shamba huulaumu udongo, huilaumu mvua, huongeza samadi, ilhali tatizo lilikuwemo tangu siku ya kwanza ndani ya mbegu yenyewe.

Katika tarafa ya Mururu, wilayani Rusizi, ambako mashamba huteremka kuelekea Mto Rusizi na mpaka wa Kongo, hasara ya namna hiyo si ndogo. Ardhi ni finyu, na mti usiozaa hukalia mahali ambapo migomba au kahawa ingelisha nyumba. Wengi katika eneo hili wamelijua jina la mtini kabla ya kulionja tunda lake: Waislamu kwa Surat at-Tin, sura ya 95 ya Kurani, na Wakristo kwa Biblia, ambayo kwa Kinyarwanda huuita umutini. Anayetaka kuupanda yampasa kwanza ajue kwamba mitini haizai kwa njia moja.

Tunda lenye mlango

Tini si tunda kama embe au chungwa. Ni kifuko chenye nyama kinachofungia mamia ya maua kwa ndani, na mlango wake pekee ni tundu dogo lililo nchani, liitwalo jicho. Nyuki hawezi kupita hapo. Apitaye ni nyigu mdogo mwenye urefu wa milimita mbili hivi, aitwaye kitaalamu Blastophaga psenes, ambaye huzaliwa ndani ya tini za mtini dume, hutoka akiwa amebeba chavua, na kuipeleka katika tini za mtini jike.

Mitini ya kundi la Smirna humtegemea nyigu huyo kabisa. Asipofika, tini hudondoka changa. Tini kavu nyingi za Uturuki, nchi inayoongoza duniani kwa zao hili, ni za aina ya Sarılop, ambayo ni ya kundi hilo. Ndiyo maana mbegu zake huwa hai na humea. Lakini kwa kawaida karibu nusu ya miche inayotokana na mbegu hizo huwa mitini dume, ambayo tini zake hazifai kuliwa, na mitini jike mingi humhitaji nyigu ambaye asili yake ni nchi za Bahari ya Kati na Asia Magharibi. Mahali pasipo na mitini dume ya aina hiyo, naye hana pa kuishi.

Mtu anaweza kuuliza: mbona Rwanda imejaa miti ya jamii hiyohiyo? Ni kweli. Jamii ya mitini ina aina zaidi ya 700 duniani, na umuvumu, mti ulioheshimiwa sana nchini Rwanda, ni mmojawapo. Umuvumu ulipandwa kuwa ua wa nyumba, gome lake lilipondwa likawa vazi liitwalo impuzu, na miti mikubwa iliyobaki kwenye ibigabiro huonyesha hadi leo mahali palipokuwa makao ya wafalme. Mkuyu nao ni ndugu yake, na tini zake zina ukubwa wa kuliwa na watu, ingawa utamu wake ni haba. Miti hii ina nyigu wake tele. Lakini karibu kila aina ya mtini ina nyigu wake wa pekee, na nyigu wa umuvumu hana kazi katika tini ya Uturuki.

Wakulima wa California, Marekani, walijifunza jambo hili kwa gharama. Katika miaka ya 1880 waliagiza maelfu ya vipandikizi vya Smirna, wakavitunza hadi vikawa miti mikubwa, na tini zote zikadondoka. Walikuwapo walioamini kwamba wauzaji wamewapa miti mibovu kwa makusudi ili kuilinda biashara yao. Haikuwa hivyo. Mwaka 1899, baada ya majaribio mengi, nyigu aliyeletwa kutoka ng'ambo alistawi katika shamba la George Roeding mjini Fresno, na miti ileile ikaanza kuzaa.

Mkulima wa Mururu hana haja ya safari hiyo ndefu. Liko kundi jingine, mitini ya kawaida, ambalo tini zake hukomaa bila chavua wala nyigu. Sifa hiyo haihifadhiki kwa mbegu, kwa hiyo mti hupandwa kwa kipande cha tawi, kama umuvumu wenyewe unavyopandwa. Ni desturi ya kale mno: mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba tini zilizokauka, zilizopatikana Gilgal katika bonde la Yordani na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,000 na zaidi, zilikuwa za mti wa namna hiyo.

Mvua ndiyo mwamuzi

Mtini umezoea nchi ambako majira ya kuiva hayana mvua. Mururu ni tofauti. Iko karibu na Ziwa Kivu, ambalo liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha kwa misimu miwili, kuanzia Septemba hadi Desemba na tena Februari hadi Mei. Kiangazi kirefu ni Juni hadi Agosti. Tini inayoivia mvuani hupasuka, maji na wadudu huingia kupitia jicho, na tunda huchacha likiwa bado mtini. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kuhusu aina yoyote hapa lihusu jicho lake. Utamu ufuate baadaye.

Brown Turkey ndiyo aina inayopatikana kwa urahisi zaidi katika nchi nyingi. Tini yake ni ya rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, nyama yake ni ya waridi, na utamu wake, kusema kweli, ni wa wastani. Ubora wake uko kwingine: huzaa kwenye machipukizi mapya hata baada ya kukatwa sana, na huvumilia makosa ya mpandaji. Celeste ni ndogo, tamu kuliko Brown Turkey, na jicho lake hufunga vizuri. Ndiyo sababu imependwa kusini mwa Marekani kwenye mvua nyingi. Dosari yake ni kwamba ikikatwa matawi kwa wingi hupunguza mazao, na jambo hilo, kama itakavyoonekana, ni kikwazo kikubwa kwa Mururu.

Kadota, ambayo Waitaliano huiita Dottato, ina ngozi nene ya kijani inayoelekea manjano. Inapoiva, tone linalofanana na asali huziba jicho lake. Ni nzuri kwa jemu kuliko kwa kuliwa mbichi. Black Mission, iliyopelekwa California na wamisionari wa Kihispania, ni nyeusi, ina ladha nzito, na huliwa vizuri ikiwa mbichi au kavu. Anayetafuta ladha tu angeichagua hiyo. Lakini mti wake hukua mkubwa mno kwa shamba dogo, na hupenda joto. Ungefaa zaidi miinuko ya kando ya bonde la Bugarama, ambako ni chini na joto kuliko Mururu, mradi maji yasituame.

Kwa mwenye kipande kidogo cha ardhi, Brown Turkey ndiyo ya kuanzia, na sababu yake ni kisu cha kukatia matawi. Huko Valinhos, katika jimbo la São Paulo nchini Brazili, penye mvua nyingi za kiangazi, wakulima hukata karibu matawi yote ya mtini kila mwaka na kuacha visiki vifupi. Mti huchipua upya, na tini huanza kuiva baada ya miezi mitano au sita hivi. Kwa hesabu hiyo, anayekata matawi Mururu mwishoni mwa Januari huyapa machipukizi mvua za Februari hadi Mei ili yakue, na tini za kwanza hutarajiwa mwishoni mwa Juni au Julai, mbingu zikiwa kavu. Mahali penye baridi zaidi mlimani zitachelewa kidogo. Mti ulioachwa bila kukatwa huiva ovyo mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mazao huliwa na mvua.

Matawi yaliyokatwa ndiyo miche ya mwaka ujao. Kipande chenye unene wa kidole na urefu wa sentimita 20 hadi 30 huchomekwa ardhini theluthi mbili, mahali pasipotuama maji. Mti huanza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu. Udongo wenye tindikali, ambao ni wa kawaida magharibi mwa Rwanda, huhitaji chokaa kidogo. Wakati wa mvua, kutu huyashambulia majani na kuyaangusha. Yaliyoanguka yakusanywe na kuchomwa, na miti isibanane ili upepo upite. Mkataji avae mikono mirefu na glavu, kwani utomvu mweupe wa mtini ukigusa ngozi kisha jua likaipiga, huacha malengelenge.

Mezani

Tini huchumwa ikiwa imelainika na shingo yake imeinama. Ikichumwa mapema haipati utamu tena, tofauti na parachichi. Iliyoiva haidumu zaidi ya siku mbili nje ya jokofu, kwa hiyo soko lake ni la karibu: Kamembe, au Bukavu ng'ambo ya mto. Gramu 100 za tini mbichi zina takriban gramu 16 za sukari na gramu 3 za nyuzinyuzi. Uzito uleule wa tini kavu una karibu gramu 48 za sukari, jambo ambalo mgonjwa wa kisukari hapaswi kulisahau wakati wa futari.

Anayenunua mche aulize jina la aina, na kama ulitokana na tawi au mbegu. Muuzaji asiyejua lolote kati ya hayo aachwe na mche wake. Vipande vinavyotoka nje ya nchi, hata kama ni kutoka Bukavu tu, huhitaji kibali cha afya ya mimea, na mamlaka inayohusika nchini Rwanda ni RICA. Ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka ya manjano husafiri ndani ya vipande hivyohivyo, na hauna dawa. Tawi lililotoka kwenye mti wa namna hiyo lisipandwe, hata likitolewa bure.