Ufundi wa taa za sola: kazi inayoweza kumweka msichana wa Pemba kijijini kwake

Kwa miaka mingi Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, karibu na Chake Chake. Mwaka 2010 waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulianza kuleta umeme kisiwani, kwa msaada wa Norway, na nguzo zikaendelea kusogea vijijini. Hata hivyo zipo nyumba ambazo gharama ya kuungiwa ni mzigo kwao, na umeme ukikatika giza ni la wote. Kwa hiyo watu wananunua sola.

Tatizo huanza baadaye. Betri hufa baada ya muda, waya huliwa na chumvi ya bahari, na paneli nzima hubaki juu ya paa bila kazi kwa sababu fundi hayupo. Hapo ndipo tunapoiona nafasi ya msichana aliyemaliza skuli na hataki kuhama. Katika makala hii tunaeleza kazi hiyo ni ipi, wanajifunza wapi, na nini kinachoifanya ilipe.

Kazi huanza na daftari

Fundi mzuri hapandi paa kwanza. Anakaa na mama wa nyumba na kumuuliza: mnawasha taa ngapi, wapi, na kwa saa ngapi?

Tuchukue nyumba yenye taa 4 za LED za wati 5, zinazowaka saa 5 kila usiku. Hesabu ni 4 mara 5 mara 5, yaani watisaa 100. Ongeza simu mbili, tuseme watisaa 30. Jumla ni 130 kwa siku.

Umeme mwingine hupotea kwenye waya, joto na betri, kwa hiyo paneli izalishe kama 185. Siku za masika mawingu ni mengi. Tukihesabu saa 4 tu za jua kali, tunapata paneli ya wati 46. Fundi atachagua ya wati 50.

Betri nayo ihimili usiku mbili, maana jua likikosekana leo, taa ziwake na kesho. Hiyo ni watisaa 260. Betri ya risasi, kama ile ya gari, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo inahitajika ya volti 12 yenye ampea-saa 45 hivi. Aliyeuziwa ndogo zaidi atalalamika kwamba sola ni mbovu, kumbe kosa ni la hesabu.

Aina ya balbu nayo ina uzito wake. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Ukibadilisha balbu, hata paneli na betri vinapungua ukubwa na bei.

Mwanga uende panapohitajika

Sehemu ya pili ya kazi ni kuuelekeza mwanga. Mwanafunzi anahitaji taa juu ya daftari, si katikati ya dari ambako kichwa chake kinatia kivuli. Wavuvi wa dagaa, waliozoea karabai usiku wa giza, wanahitaji taa isiyoingiza maji.

Na pengine kazi ni kupunguza mwanga. Kasa hutaga kwenye fukwe, kikiwemo kisiwa cha Misali. Vitoto vyake vikitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa kali ya nyumba au hoteli huvipoteza. Dawa ni taa ya chini, iliyofunikwa juu, yenye rangi ya machungwa au nyekundu. Mwenye hoteli atamlipa fundi anayeyajua haya.

Wapi pa kujifunza

Kwa msingi wa umeme, kipo kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji, hapa Pemba. Kwa anayetaka kusonga mbele, ipo Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni, Unguja.

Njia nyingine ni ya Barefoot College, iliyoanzishwa na Bunker Roy huko Tilonia, India, mwaka 1972. Kituo chake cha Kinyasini, Unguja, hufundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza sola, hata wasiojua kusoma, kwa rangi, kwa mikono na kwa kurudia. Huko huchaguliwa zaidi kina mama wa makamo. Roy alieleza sababu: kijana akishapata cheti hukimbilia mjini, ila mama hubaki.

Kinachomfanya fundi abaki

Hoja hiyo ina ukweli, lakini kijana hukimbia pale anapokuwa hana kipato. Mpango wa Barefoot una jibu lake: kamati ya kijiji hukusanya mchango mdogo kila mwezi, kwa kiasi ambacho familia ilikuwa ikikitumia kwa mafuta ya taa, na humo fundi hulipwa.

Tuchukulie nyumba 40, kila moja ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni shilingi 80,000. Nusu ikiwa ujira wa fundi na nusu akiba ya betri mpya, fundi ana pa kuanzia, na kazi za maduka, madrasa na wavuvi zinamwongezea.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama binti yako ana hamu na kazi hii, mpelekeni akasome, na wakati huohuo muiteni sheha na majirani mkubaliane mchango, nani ataushika na utaandikwa wapi. Mkisubiri mpaka betri zife ndipo mkae kikao, yeye atakuwa ameshapanda boti kwenda Unguja.