Je, Wajua? Duru 103 za Kumsaka Mgombea Mmoja

Je, wajua kwamba mwaka 1924 chama cha Democratic cha Marekani kilipiga kura mara 103 ndipo kikapata mgombea urais? Mkutano mkuu ulifunguliwa Juni 24 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, ukaburuzika hadi Julai 9. Kanuni ilidai mshindi apate theluthi mbili ya kura za wajumbe. Mahasimu wawili, Al Smith na William McAdoo, kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake, ila hakuna aliyeweza kushinda.

Majimbo yaliitwa kwa alfabeti, hivyo kila duru ilianza na Alabama. Kila duru, gavana wake, William Brandon, alinguruma kwamba Alabama inampa Oscar Underwood kura zake 24. Mkutano ulirushwa redioni, na haukupita muda ukumbi mzima ukawa unamwitikia kwa sauti moja, kwa kumtania. Mwishowe vinara wote wawili wakakaa pembeni, tiketi ikamwangukia wakili John W. Davis, naye Novemba akabwagwa vibaya na Calvin Coolidge. Jasho lote lile! Wajumbe wa CCM walipokutana Dodoma mwaka 1995 walimaliza kwa duru mbili: Jakaya Kikwete akaongoza ya kwanza, Benjamin Mkapa akashinda ya pili. Democratic nao walikoma. Kanuni ya theluthi mbili waliifuta mwaka 1936.

Mkutano mkuu wa kwanza wa kitaifa wa kuteua mgombea urais huko Marekani uliitishwa Baltimore mwaka 1831, na chama kilichoundwa kuwapinga Wafrimasoni. Kikamteua William Wirt, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa Mfrimasoni.

James Garfield alikwenda Chicago mwaka 1880 kumpigia debe John Sherman ndani ya chama cha Republican. Mambo yalipokwama, baadhi ya wajumbe wakaanza kumpigia kura yeye. Akasimama kupinga kwamba hakuna ruhusa ya kumpigia mtu kura bila ridhaa yake; mwenyekiti akamkatisha. Duru ya 36 ikampa uteuzi, na uchaguzi mkuu ukampa urais.

Na kura za mchujo je? Zilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kwa miaka mingi zilikuwa kama pambo. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na Democratic bila kushindana katika mchujo wa jimbo hata moja. Vigogo wa chama walimtosha. Wanachama walihamaki, kanuni zikaandikwa upya, na kuanzia 1972 wapiga kura wa majimboni ndio hasa wanaoamua. Siku hizi wajumbe hufika mkutanoni hesabu ikiwa imeshakamilika, wakawa wa kushangilia zaidi kuliko kuchagua. Duru ya pili haijahitajika katika chama chochote kati ya hivyo viwili tangu 1952.

Huko Iowa, Democratic walikuwa na utaratibu wao kwa miaka mingi: watu wa mtaa walijifungia darasani au kanisani, kila kundi likasimama kona ya mgombea wake, wakahesabiwa. Mgombea asiyefikisha asilimia 15, wafuasi wake walilazimika kuhama kona au kutoka kapa. Jirani yako, mwajiri wako, mkweo, wote walikuona umesimama wapi. Wakenya waliopanga mlolongo wa KANU mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa ugumu wa jambo hilo. Kona zilipolingana, mjumbe wa ziada aliweza kupatikana kwa kurusha sarafu, na mwaka 2016 ilirushwa kweli.

Iowa hiyohiyo, mwaka 1976, walioongoza ni watu waliosema bado hawajaamua. Jimmy Carter alishika nafasi ya pili nyuma ya "hatujaamua", magazeti yakamwandika kama mshindi, na Januari iliyofuata akaapishwa kuwa rais.