Nyota jirani zisizojuana juu ya Uluguru

Mwezi Mei, mvua za masika zikishakatika, toka nje saa 3 usiku ukiwa Morogoro mjini na ugeukie milima. Juu ya Uluguru utaona nyota 4 zilizopangika kama msalaba. Huo ndio Msalaba wa Kusini. Kushoto kwake zinawaka nyota 2 kali, zimekaribiana kama taa za nyumba mbili za kiambo kimoja.

Ujirani huo ni wa machoni tu. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba, Alpha Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.4. Mwenzake, Beta Centauri, iko karibu miaka ya nuru 390. Mwaka wa nuru ni umbali, si muda: ni kama kilomita trilioni 9.5, mwendo wa nuru kwa mwaka mzima. Nuru ya Alpha unayoiona leo ilipotoka, mtoto aliyezaliwa siku hiyo bado hajafika darasa la kwanza. Ya Beta ilitoka Wareno wangali ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Hata Msalaba wenyewe umetawanyika: nyota nyekundu ya kichwani iko miaka ya nuru 88, ya mguuni karibu 320.

Yamejulikanaje haya? Aliyepanda basi kutoka Dar anajua nusu ya jibu. Ukishapita Mikese, nguzo za umeme zinakimbia nyuma, lakini milima inakwenda nawe. Cha karibu huhama upesi, cha mbali hakibanduki. Wanajimu wa sayansi basi lao ni dunia: huipima nyota leo, wakairudia baada ya miezi 6, tukiwa upande wa pili wa jua, kilomita milioni 300 kutoka pale pa kwanza. Alpha huhama chini ya sehemu 1 kati ya 2,000 za nyuzi moja! Thomas Henderson, Mskoti, aliipima akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, akasita kutangaza hadi 1839. Mjerumani Bessel, na nyota yake nyingine, alikwishamtangulia mwaka 1838.

Lakini si ujirani wote wa nyota ni wa machoni tu. Kilimia, kile kikundi cha nyota kilichowaonyesha wakulima msimu wa kulima, ni ukoo wa kweli: nyota zake zilizaliwa pamoja, na zote ziko karibu miaka ya nuru 440. Ila Mei hukioni, kimefichwa na mwanga wa jua. Kingoje mwishoni mwa Juni, alfajiri, upande wa mashariki.