Je, Wajua? Taa ya Injini Ikipepesa

Taa ya injini ikiwaka bila kuzimika, mara nyingi unaweza kujikongoja hadi gereji. Ikipepesa, hali ni nyingine: injini inamisi vibaya. Silinda mojawapo haichomi mafuta yake, na petroli hiyo mbichi huingia kwenye ekzosi, ikaungulia ndani ya katalisti, yaani kisafishio cha moshi, hadi kuyeyusha kauri yake. Katalisti mpya ni ghali kuliko plagi na koili. Basi punguza mwendo, egesha, zima.

Magari madogo yote ya soko la Marekani kuanzia modeli za 1996 yana soketi ya kupimia, mara nyingi chini ya dashibodi, upande wa dereva. Mashine ya kupimia ikichomekwa hapo na kusoma namba ya hitilafu P0302, silinda ya 2 ndiyo inayomisi; P0300 ni misi inayohamahama, na hiyo humtoa fundi jasho. Kwa P0302, kama kila silinda ina koili yake, badilisha nafasi za koili ya 2 na ya 3, kisha pima tena. Ikija P0303, koili imekufa. Ikibaki palepale, fungua plagi, halafu nozeli. Fundi anayefuta namba tu bila kushika spana, usimlipe.