Mwendo wa Ioni Watumika Kupima Uga Hafifu wa Umeme

Wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, mjini Boulder, Colorado, walieleza mwaka 2021 jinsi walivyopima uga wa umeme kwa kutumia mwendo wa ioni zipatazo 150 za berili. Kwa sekunde moja, kipimo chao kilifikia unyeti wa nanovolti 240 kwa mita; nanovolti moja ni sehemu ya bilioni ya volti.

Ioni ni atomu yenye chaji, hivyo husukumwa na umeme hata ulio hafifu. Katika jaribio hilo, nyuga za umeme na sumaku zilizinasa ioni ndani ya ombwe, nazo zikajipanga zenyewe kuwa fuwele bapa, mithili ya chapati, yenye kipenyo cha mikromita 200. Uga wa nje ukiigusa, fuwele nzima hutikisika.

Kazi ngumu ni kuuona mtikisiko huo. Hata ikipoozwa kwa leza, fuwele hubaki na mtikisiko wake wa asili, ambao kanuni za kwantumu haziruhusu uondolewe, na ishara ndogo humezwa humo. Watafiti waliufungamanisha mwendo wa fuwele na spini za ioni, wakauacha uga uisukume, kisha wakaufungua ufungamano huo. Msukumo wa nje ulibaki umeandikwa katika spini, mbali na mtikisiko wa asili.

Unyeti wa aina hiyo unahitajika katika kuitafuta aksioni, chembe inayodhaniwa kuunda maada isiyoonekana ya ulimwengu. Ikiwapo, aksioni inaweza kuzalisha uga hafifu wa umeme ndani ya sumaku kali. Bado haijapatikana.